Mwaka Kioo Kilipochelewa Kushuka

Asubuhi ile nilikuwa upenuni naning'iniza figili. Mwezi wa kumi kila nyumba ya Kamisawa hukausha figili kabla ya kuzitia chumvi kwa ajili ya majira ya baridi. Mikono yangu ilikuwa imejaa udongo. Nikainua kichwa kupumzisha shingo, na hapo nikauona mlima. Kamba ikaniponyoka. Figili zote zikaanguka chini.

"Shuhei! Njoo uone!"

Mume wangu alitoka na mswaki mdomoni. Akasimama kando yangu.

Mlima Torigane ulikuwa umevaa nguo tatu. Ndivyo tunavyosema sisi. Kileleni theluji nyeupe, katikati msitu wenye majani mekundu, chini misonobari ya kijani. Miaka mingine nguo hizo huvaliwa mwishoni mwa mwezi, au hazivaliwi kabisa, kwa sababu majani hupukutika kabla theluji haijafika. Mwaka huu theluji ilikuwa imewahi. Jua lilikuwa linachomoza, na ile nyeupe ikageuka rangi ya waridi mbele ya macho yetu. Mwili ulinisisimka. Nimezaliwa chini ya mlima huu, na bado hunifanya hivyo.

"Kule juu kweli kuna mungu," Shuhei alisema. Povu likamdondoka kidevuni.

"Basi funga mdomo," baba yangu alisema kutoka ndani. "Utamtemea dawa ya meno."

Baba yangu, mzee Kanjiro, hana mtoto wa kiume. Kwa hiyo Shuhei aliponioa alihamia kwetu na kuchukua jina la ukoo wetu, Minagawa. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Shuhei ni fundi wa mafriji na mashine za kufulia. Ametoka pwani ya kusini, ambako watu huiona theluji kwenye televisheni. Kijiji kizima kinampenda, maana huwatengenezea wazee friji zao na kukubali kulipwa kabichi. Baba peke yake ndiye aliyekuwa bado anamwita "mtu wa pwani", miaka yote hiyo, mbele ya wageni na mbele ya paka.

Sasa mtu wa pwani alikuwa na kazi kubwa mbele yake.

Kileleni kuna hekalu dogo, si kubwa kuliko kabati la vyombo. Ndani yake hukaa kioo cha shaba. Wakati wa kiangazi tunakipandisha kioo hicho, mungu wa mlima akae kileleni kwake. Tarehe kumi ya mwezi wa kumi tunakishusha, akae nasi kijijini mpaka theluji iyeyuke. Ukoo wetu ndio unaokibeba tangu enzi za mababu. Baba alikibeba mpaka goti lake lilipokataa ngazi. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Shuhei, kwa mara ya kwanza. Kiangazi chote alikuwa akipanda na kushuka ngazi za shule na gunia la mchele mgongoni. Watoto walimcheka. Hakujali. Alitaka kitu kimoja tu, baba amwone kuwa mtu wa nyumba ile.

Tulikuwa bado tunaokota figili Shangazi Tamae alipoingia uani na kikapu cha uyoga. Yeye ni jirani yetu. Kule juu, chini kidogo ya kilele, kuna nyumba ya kulaza wapanda mlima, na yeye ndiye anayeiendesha. Aliiendesha na mumewe, na mumewe alipofariki akaendelea peke yake. Alisoma darasa moja na baba, kwa hiyo hamwogopi hata kidogo.

"Kanjiro, umeuona mlima?" aliuliza.

"Nina goti bovu, si macho."

"Basi msipande tarehe kumi. Subirini. Mimi nakwenda kesho kufunga nyumba yangu, kupigilia mbao madirishani na kutoa maji kwenye mabomba. Kule juu kumeganda. Zikija siku chache za jua na utulivu, ndipo muende."

Baba akaweka chini kikombe chake cha chai. "Tarehe kumi ni tarehe kumi. Baba yangu alikwenda tarehe kumi kwenye upepo mkali. Aliacha vidole viwili vya mguu kule juu, lakini kioo kilishuka kwa siku yake."

Tumekisikia kisa hicho tangu utotoni. Kwetu husimuliwa kama watu wengine wanavyosimulia babu yao alivyopewa nishani.

"Na huyu atavaa nini?" Shangazi Tamae alimwonyesha Shuhei kwa kidole.

"Nguo nyeupe za pamba na viatu vya majani ya mpunga. Kama wote."

"Na atamwagiwa maji kwenye lango la kijito?"

"Kama wote."

"Na hatakula mpaka akishike kioo?"

"Tamae, unataka nikuimbie masharti yote?"

Shangazi Tamae akamgeukia Shuhei. "Mwanangu, wewe unasemaje?"

Shuhei alimtazama baba, kisha mlima. "Nitakwenda tarehe kumi, shangazi," alisema.

Shangazi Tamae alinipa uyoga, akatikisa kichwa, akaenda zake.

*

Tarehe kumi tulikuwa kwenye lango la kijito, pale njia ya mlima inapoanzia, kabla ya mapambazuko. Mimi nilikuwa na buti zangu, koti la mvua na mfuko wa mgongoni, maana masharti ni ya mbebaji tu. Shuhei alisimama na nguo zake nyeupe, sanduku tupu la kioo mgongoni. Baba alichota maji ya kijito kwa kata ndefu ya mti, akammwagia kichwani mara tatu. Shuhei aliruka kama paka.

"Simama imara," baba alisema. "Mungu anakuangalia."

"Anaona natetemeka, baba."

"Ukitembea utapata joto." Akanitilia chupa ndogo ya pombe ya mchele kwenye mfuko wangu. "Akizidiwa na baridi, mpe hii."

Mimi nilikuwa nimeficha humo matonge ya wali yenye achari. Nilitumaini njaa itakuwa na nguvu kuliko masharti.

Kwenye misonobari tulitembea vizuri. Shuhei alipata joto kweli, tena akatoka jasho. Aliimba. Kulipopambazuka tukaingia kwenye majani mekundu. Sijui niseme nini juu ya msitu ule. Juu yetu kulikuwa kwekundu, chini yetu kwekundu, na mwanga uliopita katikati ulitutia rangi usoni. Shuhei aliacha kuimba. Alivua kitambaa chake cha kichwa kama mtu aliyeingia hekaluni.

"Itsuko," aliniita kwa jina. "Kumbe uliishi na hii siku zote na hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa umeingiza kichwa ndani ya friji."

Mbele kulikuwa na njia ya mbao, inayopita juu ya kinamasi. Mbao zilionekana zimelowa tu. Shuhei alitia mguu, akaanguka kwa matako. Tukacheka wote wawili. Nilipogusa ubao niliona kuwa si maji. Umande wa usiku ulikuwa umeganda, utando mwembamba kabisa wa barafu. Viatu vya majani ya mpunga vilikuwa vimelowa, na sasa navyo vilianza kuganda.

Tukapanda tena. Miti ikawa mifupi. Kisha tukatokeza kwenye mgongo wa mlima, na hapo nilisahau hata baridi.

Kila kijiti kilikuwa kimeota manyoya ya barafu. Yalielekea upande mmoja, upande unakotoka upepo, marefu kama vidole vyangu. Majani mekundu yaliyobaki yalikuwa ndani ya barafu, kila jani peke yake, kama yamewekwa kwenye chupa. Hapakuwa na ndege. Hapakuwa na sauti yoyote, ila upepo ulipopita na vijiti vyote vikalia kwa sauti nyembamba, mlima mzima. Machozi yalinitoka. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na hofu, na sikuweza kuvitenganisha viwili hivyo.

Baada ya hapo kuna mahali penye mnyororo. Njia inapita kwenye jabali, upande ambao jua halifiki kabisa wakati huu wa mwaka. Mnyororo umefungwa jabalini ili mtu ajishikilie. Jiwe lilikuwa jeusi, linang'aa.

"Limelowa," Shuhei alisema.

"Nenda polepole."

Alipiga hatua mbili. Ya tatu miguu yote miwili ilimteleza. Alibaki akining'inia kwenye mnyororo kwa mikono, miguu ikitapatapa hewani, na chini yake vichwa vya miti vilikuwa mbali sana. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Aligonga goti, akapata mahali pa kulitegemeza, akajivuta. Mimi nilivuka kwa kutambaa, nimebandika tumbo kwenye jiwe. Jiwe lile halikuwa limelowa. Theluji ya juu yake, penye jua, ilikuwa imeyeyuka mchana, ikatiririka, ikaganda usiku. Barafu yake ilikuwa safi kama kioo cha dirisha, ukiitazama unaliona jiwe tu.

"Turudi?" niliuliza.

"Tumefika huku kote ndipo turudi? Kilele kile pale."

Kweli kilionekana. Lakini upepo sasa ulikuwa unatupiga moja kwa moja, na jasho lote la chini lilikuwa kwenye nguo zake. Nilimpa tonge la wali, akakataa. Nikampa pombe, akapiga mafunda mawili. Alisema anasikia joto zuri. Tulipotembea tena alianza kujikwaa. Kamba ya kiatu ilifunguka, akainama kuifunga, akaihangaikia kama mtoto anayejifunza. Vidole havikumtii. Alicheka.

"Shuhei, vipi?"

"Ha... hamna neno. Kiatu... kina ubishi."

Maneno yalimtoka mazito, yanaburutana. Nilidhani amelewa. Tena nilimkasirikia, nikamwambia haya, jikaze, nyumba ya shangazi iko karibu. Nilimshika mkono nikamvuta mpaka tukaliona paa lake, na Shangazi Tamae yuko juu ya ngazi, anapigilia ubao dirishani.

Alitutazama mara moja tu. Nyundo ikaanguka.

*

"Mlete ndani. Usimkalishe sakafuni, tandika godoro. Mvue nguo zote."

"Zote?"

"Ni mumeo, Itsuko! Unaona haya leo?"

Tulimvua. Nguo zilikuwa ngumu kama ngozi kavu. Shangazi Tamae alimfuta kwa taulo, akamvika nguo za ndani za sufu zilizokuwa za marehemu mumewe, kofia, soksi, kisha akamzungushia mablanketi. Nilianza kumsugua mikono kwa nguvu ili ipate joto.

"Usimsugue. Mfunike tu. Mpashe joto kifuani kwanza, mikono itafuata." Akamnusa Shuhei mdomoni. "Na hiyo harufu ni ya nini?"

Nilimwonyesha chupa.

"Kanjiro!" alisema, kama baba yuko mlangoni. "Pombe inakudanganya. Damu inakimbilia kwenye ngozi, unahisi joto, kumbe joto lako la ndani ndilo linalotoka nje. Mwaga."

Alipoona Shuhei anaweza kumeza vizuri, alimpa uji mtamu wa mchele, wa vuguvugu, kidogo kidogo. Mimi nilikaa pale nikimshika mguu juu ya blanketi. Nilikuwa nikifikiri kwamba dakika chache tu zilizopita nilimkaripia. Kisha Shuhei akaanza kutetemeka, meno yakigongana, godoro zima likitikisika.

"Anazidi kuumwa!" nilisema.

"Hapana, anarudi. Alipoacha kutetemeka ndipo ulipaswa kuogopa. Sikiliza, nikufundishe. Mlimani mtazame mwenzako mambo matatu. Ulimi wake, vidole vyake, miguu yake. Ulimi ukiwa mzito, vidole vikishindwa na kamba, miguu ikijikwaa mahali pasipo na kitu, huyo ameshikwa na baridi. Yeye mwenyewe hatajua. Atakuambia hamna neno."

"Aliniambia hivyo hivyo."

"Wote husema hivyo."

Baada ya muda Shuhei alifungua macho sawasawa. Akatazama paa. "Shangazi," alisema, "mbona sikusikia baridi nilipokuwa chini?"

"Ulikuwa unatembea, na kule chini bado ni vuli tu. Kadiri unavyopanda baridi inazidi. Mnapotazama kipimo cha joto kijijini, huku juu si hicho. Halafu umevaa pamba iliyolowa, na upepo ukakupiga. Pamba inashika maji haiyaachi."

Shuhei akakunja uso. Nilimjua, alikuwa anafikiri kazi.

"Maji yanakauka juu ya ngozi," alisema polepole. "Yakikauka yanachukua joto. Upepo unayakausha haraka zaidi... Shangazi, ndivyo friji inavyofanya kazi! Kimiminika kilichomo ndani kinageuka mvuke, kinabeba joto, kinalitupa nje. Nimepanda mlima nimevaa friji!"

"Haya, fundi wa friji ameelewa baridi," shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza alicheka. "Na friji yako haikuwa na umeme wa kutosha. Mwili unatengeneza joto kwa chakula. Wewe, ukiacha uji huu, tumbo tupu tangu jana. Kula."

Shuhei alilitazama tonge la wali mkononi mwangu. Uji alikuwa amenyweshwa, lakini wali ulikuwa bado mwiko. Mkono wake ulitoka kwenye blanketi, ukarudi, ukatoka tena. Alikula matatu.

Kisha aliketi, akauliza nguo zake ziko wapi.

"Unakwenda wapi?" nilisema.

"Kilele ni karibu. Nikirudi bila kioo, baba atasema nini? Kijiji kitasema nini? Itakuwa mara ya kwanza, Itsuko. Na itakuwa kwa sababu yangu, mtu wa pwani."

Hapo nilimhurumia. Nilimtazama Shangazi Tamae amkataze. Hakumkataza.

"Mlima si wangu," alisema. "Lakini nitakuambia ninachoona. Saa sita imepita. Jua la mwezi wa kumi huzama mapema, na barafu iliyolainika mchana itaganda tena jioni. Mimi kila siku, kabla sijatoka mlangoni, napanga saa ya kugeuka. Nikisema saa sita, ikifika saa sita nageuka, hata kama kilele kiko hatua mia mbele. Naipanga nikiwa chini, nina akili zangu. Huku juu kilele kinakuita, na akili inafuata."

Nje upepo ulipita kwenye vijiti na mlima ukalia tena.

"Tunarudi," nilisema. "Baba akitaka kumkasirikia mtu, ni mimi niliyesema."

Shangazi Tamae alitupatia meno ya chuma ya kukanyagia barafu, yenye mpira wa kuvutwa juu ya buti. Shuhei alipewa buti za marehemu. Shangazi aliteremka nasi, akatutangulia mpaka kwenye mnyororo, na pale jabalini nilisikia meno yale yakiuma barafu, krap, krap, na moyo wangu ukatulia. Giza lilitukuta msituni, lakini shangazi alikuwa na tochi za kichwani kwa wote watatu.

Anayeshuka na kioo humwagiwa maji tena kwenye lango la kijito. Ni heshima yake, anasafishwa na kukaribishwa. Anayerudi mikono mitupu hamwagiwi. Watu walikuwa wamekusanyika. Waliliona sanduku linavyocheza mgongoni, jepesi, wakaondoka mmoja mmoja. Baba alisimama na kata yake mkononi. Aliiegemeza kwenye jiwe, akatugeuzia mgongo, akachechemea kwenda nyumbani. Shuhei alipita langoni mkavu.

*

Asubuhi baba alikula supu yake akitazama ukuta. Shangazi Tamae alikuja kuchukua buti, akakaa bila kukaribishwa.

"Usiniambie kitu, Tamae," baba alisema. "Kioo kimelala kwenye theluji. Baba yangu hakuwahi kuchelewa."

"Kioo ni cha shaba, Kanjiro. Kitavumilia baridi. Mkweo si wa shaba."

"Baba yangu hakuwa wa shaba pia."

"Alikuwa na vidole vingapi vya miguu?"

Baba akalisukuma bakuli lake kando.

"Nakuuliza. Vinane. Tangu tuko darasa la kwanza unajivunia vile viwili vilivyobaki kule. Je, mungu aliviomba? Wewe ulimfunga mzee wako viatu mpaka alipokufa, kwa sababu hakuweza kusimama vizuri. Nilikuwa nakuona kila asubuhi, unachelewa shule. Ungetaka mwanao naye awe anamfunga mumewe viatu? Na hiyo ingekuwa bahati, maana angeweza kumzika."

Sikuwahi kusikia mtu akimwambia baba hivyo. Aliinuka, akaenda upenuni, akasimama kati ya figili akiutazama mlima. Alikaa huko mpaka chai ikapoa. Aliporudi, alimsemesha Shuhei bila kumtazama.

"Nguo nyeupe zina nafasi kubwa ndani," alisema. "Mtu akivaa kitu chini yake, haionekani."

Tulisubiri. Shangazi Tamae alisikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni asubuhi na jioni, na akampigia simu mwenzake anayekaa upande wa pili wa mlima kuuliza theluji ikoje. Siku moja alisema kesho patakuwa shwari, tukatoka. Mimi, Shuhei na yeye. Shuhei alivaa sufu ndani, nguo nyeupe juu, na koti la upepo tayari mfukoni. Viatu vya majani ya mpunga alivifunga kwenye sanduku, avivae mbele ya hekalu tu. Langoni baba alimmwagia maji kwenye vidole vya mikono.

"Leo vidole tu," alisema. "Kwa sababu Tamae ananikodolea macho."

Tulikula njiani kila tulipopumzika, tonge hapa, kipande cha sukari guru pale. Tulitembea polepole tusitoke jasho. Penye kivuli na jiwe linalong'aa, shangazi alisimama, tukavaa meno ya chuma kabla ya kukanyaga, si baada ya kuteleza. Saa ya kugeuka tulikuwa tumeipanga chini.

Tulifika kabla ya saa hiyo. Nimekwenda kileleni mara nyingi wakati wa kiangazi, lakini kilele kile sikuwa nakijua. Hekalu halikuonekana. Barafu ilikuwa imelifunika lote, manyoya juu ya manyoya, mpaka likawa kama ndege mkubwa mweupe aliyelala. Chini yetu yalikuwa mawingu tu, tambarare, mpaka mwisho wa dunia. Shuhei alivaa viatu vyake vya majani ya mpunga, akapiga magoti, akaanza kuibandua barafu kwa mikono yenye glavu, taratibu, kama anayemwamsha mtu. Mlango ulipofunguka, jua liliingia likakipiga kioo, na mwanga ukamjaa usoni. Alifumba macho. Alilia, wala hakujificha.

"Samahani tumechelewa," alikiambia kioo.

Akavibadilisha viatu upesi, maana shangazi alikuwa ameshamshikia buti.

Tuliposhuka kwenye misonobari, jua lilikuwa bado lipo. Kutoka juu tuliona moshi karibu na kijito.

"Nani anachoma majani saa hizi?" nilisema.

Watu walikuwa langoni, wengi kuliko siku ile. Shuhei alivua glavu zake akanipa nimshikie, akalifungua sanduku, baba akachungulia. Kioo kilikuwa humo. Baba aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Kisha akaichukua kata.

"Inama, mtu wa pwani."

Shuhei aliinama. Alikaza mabega, akabana meno, akafumba macho, akisubiri yale maji ya kijito. Baba akamwaga. Nikaona mvuke unapanda kutoka kichwani kwa mume wangu, mweupe, unaelea juu ya lango.

Shuhei akafumbua jicho moja. "Baba... maji ya moto?"

Nyuma ya jiwe niliona sufuria letu kubwa la kuchemshia maharage, limekaa juu ya moto, na kando yake taulo na nguo kavu zilizokunjwa vizuri.

"Nyamaza," baba alisema, akachota tena. "Hakuna mahali mungu aliposema yawe baridi."